Karatasi ya Gato ya Maboga

Ile mwaka tulikula maboga. Uliza mutu yote ya umri yangu hapa Butembo, hatakuambia namba ya mwaka, mais atakuambia: "Ah, ile ya maboga!" Muhogo ilishikwa na ugonjwa mu mashamba. Majani ilijikunja, na ukingoa shina unakuta mizizi nyembamba kama mukia ya panya. Bugali ikawa chakula ya bagonjwa na ya bageni. Boga, yenyewe, haikujali kitu. Ilipanda juu ya uzio, ilipanda juu ya choo, ilipanda hata juu ya makaburi, na hakuna mutu aliogopa kuichuma. Asubuhi boga ya kuchemsha, mangaribi boga na maharagi, katikati majani ya boga na karanga kama kuna karanga. Mbegu tulikaanga juu ya kigae, tukatafuna njiani ya kwenda kuchota mayi. Hata mavi yetu ilikuwa ya rangi ya machungwa, na batoto tulikuwa tunachekana.

Njo mwaka mama yangu alitia boga mu gato, ile keki ya sufuria.

Nakumbuka hii yote juu ya mujukuu yangu Furaha. Anasoma hapa mujini, anakaa na miye hapa Mususa, na hii juma alianza kupiga picha karatasi za mama yangu na telefoni, halafu anaandika upya, safi, kila neno pahali yake. Ni kazi ya maana, na ni miye nilimuomba, juu karatasi iko inakufa. Panya ilikula kona. Asali ilishikanisha mbili, ikawa moja. Tulipokimbia vita kutoka Beni kurudi hapa, batu balibeba godoro, balibeba mbuzi, jirani moja alibeba mulango ya nyumba yake ku kichwa. Miye nilifunga hizi karatasi mu kitenge, ku tumbo, kama mimba, na mutu moja aliniona akaniuliza kama nimerudia kuzaa na hii nywele nyeupe. Mvua ilitupiga njia yote. Kama mama angeandika na bic, tungefika na madoa ya buluu tu. Aliandika na kreyo, kalamu ya risasi, na kreyo haikimbie mayi. Ilifika yote.

Bon. Jana Furaha alifika ku gato ya maboga. Boga yenyewe ilikuwa ku jiko, nyumba yote inanukia, juu tulitaka kupika na kuandika pamoja. Akasoma, akacheka, akasema: "Koko, hapa nitaweka levire, hamira ya duka. Hii ya pombe ya kasiksi haipendeze mu kitabu."

Nilimwambia aweke telefoni chini kwanza.

Mama yangu hakusomaka akiwa mutoto. Miye mwenyewe nilifika mwaka ya tatu tu, halafu bakanipa kubeba bandugu yangu, donc sina kiburi ya masomo. Kiburi yangu ni ya mama. Alijifunza herufi akiwa na batoto tayari, ku kanisa yetu ya Baprotestanti, mu chumba ya nyuma, bamama bote na batoto ku mugongo. Kanisa ilikuwa inajengwa. Mufuko ya simenti ikiisha, fundi anaikunguta, anabapa bamama, banaikata na kisu. Njo ilikuwa daftari yabo. Mama Pasteri, bibi ya mutumishi wetu, njo alikuwa anafundisha. Alimushika mama yangu mukono, mukono juu ya mukono, kama unamufundisha mutoto kukamata kijiko, mupaka ile mukono ikajua kutembea yenyewe.

Herufi ya mama ilikuwa kubwa, imesimama wima kama miti ya uzio. Kwanza aliandika jina yake. Halafu majina yetu, kuanzia miye Masika, mukubwa. Halafu akasema: "Sasa niandike kitu yenye ninajua." Akaanza kuandika vitu ya tamu: ndizi ya kuchoma na asali, mikate ya mafuta, marakuja ya kupika na sukari, gato. Tata, baba yangu, alimuuliza juu ya nini haandike sombe ya majani ya muhogo, haandike maharagi. Mama alijibu: "Chumvi kila mutu anajua, anapika kila siku. Tamu njo inasahaulika mbio."

Tata alikuwa shemashi. Alikaa ku benchi ya mbele, upande ya babaume, na koti moja yenye mama alikuwa anapiga pasi ya makala ya moto kila siku ya posho, kesho yake siku ya Mungu. Kwetu pombe ilikuwa imefungwa kabisa. Haikuwa kusema usilewe, hapana: usionje, usishike kibuyu, usikae pahali bengine banakunywa. Tata akiona mutu anakuja na kibuyu ya kasiksi ku njia, alikuwa anavuka upande ingine, hata kama upande ingine ni matope.

Na jirani yetu sasa, nyuma ya uzio, alikuwa Mama Kahindo, Mukatoliki, na bwana yake alikuwa anatengeneza kasiksi. Banakamua ndizi na majani mu mutumbwi ya muti, banatia mutama ya kukaanga, banafunika, na kesho yake hewa yote ya pale kwetu inakuwa chachu na tamu. Batu ya kanisa bakitutembelea, Tata alikuwa anafunga dirisha ya ule upande.

Mais Mama Kahindo na mama yangu balipendana. Balikuwa banaazimana moto, chumvi, hata batoto. Mama Kahindo alikuwa mwanamuke munene, sauti yake inapita uzio mbele yake mwenyewe.

"Mama Masika!" alikuwa anaita. "Wewe utafika mbinguni na kiu!"

"Na wewe utafika unayumba," mama anajibu. "Batakuuliza jina, utasahau."

Basi, gato. Unga ya ngano ilikuwa inashuka kutoka milima ya Lubero, mayai ilikuwa yetu, asali ilitoka Kasugho, ku pori, na mabua na nyuki ya kufa ndani. Kitu ilikosa ni levire. Njia ilikuwa mbaya, makopo ilifika ku duka imekufa tayari. Mama alitengeneza gato ya boga ya kwanza, akaweka sufuria, makala chini kidogo, makala juu ya mufuniko mingi, akangoja. Ilitoka kama tofali. Mama Kahindo alichungulia juu ya uzio.

"Mudada, unapika gato ao unabasaidia kujenga kanisa?"

Tulicheka mupaka mama akakasirika. Halafu Mama Kahindo akaenda kwake, akarudia na kibuyu kidogo imefunikwa na jani ya ndizi. Ndani ilikuwa mashapo, ile matope nzito inabaki chini ya mutungi saa kasiksi inaisha. Ilikuwa inafanya mapovu polepole, kama kitu inapumua.

"Tia hii," alisema. "Hii njo inaamusha unga. Koko yangu alikuwa anafanya hivi mbele levire haijazaliwa."

Mama alikamata kibuyu na mikono mbili. Halafu akaingia nayo ndani. Kesho yake gato ilipanda mupaka ikasukuma mufuniko, makala ikaanguka.

Kutoka ile siku, kila posho miye njo nilikuwa natumwa kwa Mama Kahindo na kile kibuyu. Hakuna mutu alinieleza kitu. Mama hakusema "ficha", hakusema "onyesha". Alisema tu "Kimbia, urudie". Mais miye nilikuwa na masikio. Ku darasa ya siku ya Mungu balitufundisha: mwenye kuonja kasiksi, hata tone moja, njia ya mbinguni imefungwa. Na kasiksi iko mu gato. Na gato iko mu tumbo ya Tata, na Tata ni shemashi.

Nilianza kumuangalia. Anakula kipande, miye nangoja. Anakula kipande ya pili. Anajipangusa midomo, anakamata Biblia, anaenda kuomba na bagonjwa, na miye namufuata mupaka ku kona kuona kama miguu yake inapishana. Haikupishana. Nikawaza kama Mungu anabapa bashemashi miguu ya peke yake.

Kwa miye mwenyewe sikuwa na hakika. Niliacha kula gato. Unafikiria ni kitu kidogo, mu mwaka ya maboga, mutoto kuacha kitu ya sukari? Kipande yangu nilikuwa naificha mu mukono, napelekea mbuzi yetu. Mbuzi ilikula, ikalamba mukono, ikaenda kulala ku kivuli. Mbuzi yote inalalaka mu saa sita ya muchana, mais miye niliona kitu ingine: niliona imelewa. Nilipiga magoti mbele yake nikaiombea.

Mama Kahindo njo alinikuta.

"We Masika, unaabudu mbuzi?"

Nikamwambia yote, na machozi. Alicheka mupaka akakaa chini ku majani, kitenge ikafunguka. Halafu akanishika shingo, akanivuta ku jiko yake, akanionyesha makala.

"Ona. Hii moto inakunywaka yote. Kasiksi inaamusha unga tu, halafu moto inakunywa kasiksi. Mu gato inabaki gato. Kama kuna mwenye kulewa pale kwenu ni sufuria."

Nilirudia kula. Nilikula kwa juma zote zenye nilipoteza, tumbo ikaniuma, na mama akasema ni boga.

Kanisa ilimalizika. Bakaweka mabati, na bakapanga sikukuu ya kuifungua. Bageni batatoka Kanyabayonga, Kasugho, Beni. Mama Pasteri alikuwa na wazo: kila mama mwenye alijifunza herufi ku ile chumba ya nyuma aandike chakula moja. Karatasi zitapigwa ku mashine, na kila parokia itaenda na yake. Batu baone kama bamama ya Butembo banajua kuandika. Na mama yangu njo atakuwa wa kwanza, na gato ya maboga, na siku ya sikukuu njo atasimamia jiko ya bageni.

Sijawahi kuona mama vile. Alikuwa mutu mukavu, hakuchekaka bure. Ile juma alikuwa anaimba akisaga. Alisema: "Karatasi yangu itafika Kanyabayonga. Miye sijafika." Alichagua mufuko ya simenti yenye haikupasuka, akainyoosha chini ya jiwe, akaandika muchana mu mulango, pahali kuna mwanga. Boga ya kuchemsha, bakuli moja. Ndizi ya kuiva mupaka ngozi nyeusi. Unga ya ngano ya mulima. Asali, chuja nyuki. Mayai. Weka ku jua mupaka jua ifike ku mulango. Aliandika kila kitu. Kwake ile ya Mama Kahindo haikuwa pombe. Pombe ni ile mutu anakunywa. Hii ilikuwa kitu ya kuamusha unga, kama chumvi ni kitu ya kutia ku maharagi, na mutu mwenye alimupa alikuwa na jina, donc aliandika na jina.

Bamama balikutana ku chumba ya nyuma kusoma. Nilikuwa naye, nabeba ndugu yangu mudogo. Mama alisimama, akaweka kidole chini ya kila neno, akasoma kwa sauti. Boga, sawa. Ndizi, sawa. Mama Pasteri alikuwa anatingisha kichwa na furaha, midomo yake inatembea pamoja na ya mama.

"Kasiksi ya Mama Kahindo," mama akasoma, "ile ya chini ya mutungi, vijiko mbili."

Uliona bamama banahesabu nyuma mu matumbo yabo: ile ndoa, ile kilio, ile siku ya mutoto ya Mama Pasteri kubatizwa. Bote balikula. Mama muzee mumoja ku kona akapiga mikono.

"Aleluya! Njo maana nilikuwa naombaka kipande ya pili!"

Bengine bakacheka, bengine bakafunika midomo. Mama alisoma mupaka mwisho, makala chini, makala juu. Akakunja karatasi, akakaa.

Mama Pasteri alikuja kwetu mangaribi ya kesho yake, na bamama wawili ya komite. Balikataa kukaa, halafu bakakaa. Mama Pasteri hakuwa mutu mubaya, nasema hii mbele ya Mungu. Macho yake ilikuwa nyekundu. Alitoa kitambaa mu kifua, akaifungua, na ndani mulikuwa gome, raba ya kufutia kreyo, mupya, ya rangi ya waridi. Sikuwa nimeona gome mupya mbele ya ile siku. Nilitaka kuinusa.

"Mama Masika," alisema, "wewe ni mwanafunzi wangu wa kwanza. Karatasi yako ni muzuri kupita zote. Ni kreyo tu. Tunafuta hapa, tunaandika levire, inaisha. Hakuna mwenye atauliza."

"Na ule mama ya Kanyabayonga?" mama akauliza. "Atatia levire, gato itakataa, atasema mama ya Butembo ni mwongo."

"Haitakataa."

"Unajuaje? Hii gato haijawahi kuona levire yenye iko hai. Miye niliandika yenye nilipika."

Mumoja ya komite, mwembamba, mwenye kukaza midomo, akasema: "Karatasi ya kanisa haiwezi kutaja kasiksi. Batu batasema nini? Nyumba ya shemashi inapikia kanisa pombe!"

"Batu bote balikula," mama akasema. "Na weye ulibeba ya batoto mu kitenge."

Ule mama akaangalia chini.

Mama Pasteri akasukuma gome juu ya meza, polepole. "Ukikataa, karatasi haitaenda. Jiko atashika mwingine. Na Tata Masika… unajua hawezi kubaki mbele. Nakuomba, dada yangu. Neno moja."

Mama aliweka mikono yake ku magoti.

"Hapana. Karatasi itasema vile mukono ilifanya."

Uzio yetu haikuwa ukuta. Sauti ya Mama Kahindo ikaingia mu nyumba mbele hatujamuona.

"Futa, mudada! Futa! Jina yangu iko ku kitabu ya parokia yetu, imeandikwa na bic, haitapotea!" Halafu kichwa yake ikatokea ku mulango, bila kucheka, mara ya kwanza nilimuona bila kucheka. "Kweli, Mama Masika. Miye sitakasirika. Usiharibu nyumba yako juu ya mashapo yangu."

Mama alimusogezea kiti.

Niseme sasa nini ilifuata, juu najua Furaha ataniuliza. Karatasi ya mama haikupigwa ku mashine. Jiko ya sikukuu alishika mama mwingine, na gato yake ya levire nilikula, ilikuwa muzuri, sidanganye. Tata balimwambia apumuzike kwanza. Alipumuzika muda murefu. Alikuwa anakaa ku benchi ya mwisho, karibu na mulango, pahali mvua inaingia, na koti yake imepigwa pasi vilevile. Kelele ku nyumba sikuisikia. Gato ya boga aliendelea kuila. Mama aliendelea kwenda kanisani, aliendelea kumusalimia Mama Pasteri na mikono mbili, mais ku ile chumba ya nyuma hakuingia tena, na ku karatasi ya simenti aliandika peke yake, ku mulango, mupaka macho yake ikachoka. Njo hizi zenye Furaha anapiga picha.

Mais ile mangaribi hakuna kitu ya ile ilikuwa imefika bado. Gome ilikuwa juu ya meza, na Tata akaingia kutoka shamba. Aliweka jembe nyuma ya mulango. Alisalimia bageni, mumoja mumoja, hata Mama Kahindo alimusalimia. Hakuna mwenye alimueleza kitu. Aliona gome, aliona karatasi, alijua. Nilifikiri atapiga kelele, juu baba ya batoto bengine balikuwa banapiga kelele. Alikaa ku kiti yake, akavua kofia, akaiweka ku goti, na akasema na ile sauti yenye alikuwa anatumia saa tukiwa na homa:

"Mama Masika. Ni neno tu. Ni miye njo nitakaa nyuma."

Mama alimuangalia. Kila siku alikuwa anamupakulia wa kwanza, anamuletea mayi ya kunawa, hakumukatalia kitu mbele ya batu, hata mara moja, na miye nilikuwa najua sasa atanyoosha mukono akamate gome. Akanyoosha. Akaikamata, akaiangalia upande moja na upande ingine, akaifunga mu kitambaa yake vizuri, na akamurudishia Mama Pasteri na mikono mbili, akiinama kidogo, vile unarudisha kitu ya mukubwa wako. Halafu akamugeukia Tata.

"Hapana. Karatasi itasema vile mukono ilifanya."